Swali Ambalo Sikulitafsiri

Kila Jumamosi asubuhi kanisa letu lilikuwa likipeleka chai na mkate nyuma ya soko la Kibuye, pale mafundi wa mbao wanapopanga vitanda na makabati yao kando ya barabara. Watu waliolala kwenye veranda za maduka walijua saa yetu. Tulipofika na madebe mawili ya chai, wengi walikuwa wameshakunja magunia yao na kunawa uso. Kazi yangu ilikuwa kumimina. Mwenyekiti wa kamati ya huduma, mama mmoja mwenye duka la vitambaa, alinichagua kwa sababu alisema nina mkono mtulivu. Hakujua kwamba mkono ulitulia kwa kuwa wasiwasi wote ulikuwa umehamia kichwani. Kikombe kikijaa sana nilijiuliza kama wa nyuma atadhani ninapendelea. Nikipunguza, nilijiuliza kama huyu wa mbele ameona amepunjwa.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, na sikuwa na kazi. Niliishi kwa wazazi wangu Migosi. Huduma ya Jumamosi ilinipa mahali pa kwenda nikiwa nimevaa shati safi. Nitasema na hili, kwa kuwa nimeanza kuandika ili niseme ukweli: ilinipa pia tumaini kwamba pasta angeniandikia barua nzuri siku ambayo kazi ingetangazwa mahali. Sikuwa pale kwa ajili ya barua tu. Lakini barua ilikuwepo akilini, na mtu mwenye barua akilini huwa mwangalifu sana mbele ya pasta wake.

Kati ya watu wetu alikuwepo mzee mmoja. Namwita mzee kwa heshima, nywele zake nyingi zilikuwa bado nyeusi. Alikuwa fundi wa mbao. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya kupasua mbao huko Elburgon, mpaka msumeno ulipomkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Akarudi Kisumu, akapanga chumba Nyalenda, kisha kodi ya chumba ikamshinda. Nilipomjua alilala kwenye veranda ya duka la magodoro, na mchana alikuwa akiwapigia mafundi wa Kibuye msasa, kwa kuwa msasa hauhitaji vidole vyote.

"Mimi nalala duka la magodoro," alipenda kuwaambia watu. "Shida ni ukuta tu, uko katikati."

Siku ya kwanza alionja chai yangu, akanitazama, akaitazama kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati langu.

"Wewe kijana wa kalamu. Hii chai yenu imeokoka mpaka ikaacha sukari duniani?"

Nilicheka, kisha nikaanza kufikiri kama ilikuwa vibaya kucheka, kama labda alikuwa analalamika kweli.

"Wekea mzee sukari, omera," fundi mmoja akapaza sauti, akiniita ndugu kwa Kijaluo, kutoka kwenye kiti alichokuwa akikigongea misumari. "Ripoti utaandika baadaye."

Tukazoeana hivyo. Alikuwa akibaki nyuma baada ya wengine kuondoka, ananisaidia kuosha vikombe, na kunitania. Jumamosi moja aliniuliza kwetu ni wapi.

"Migosi," nikasema.

"Sikuulizi mahali unalala. Nauliza kwenu."

"Seme."

"Na uko na simba huko?"

"Sina."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Digrii iko, simba hakuna! Basi sisi ni wawili. Tofauti ni wewe uko na kalamu."

Kwa asiyejua, simba ni nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujijengea ndani ya boma la baba yake anapokuwa mtu mzima. Si lazima iwe kubwa. Chumba kimoja cha udongo na mabati kinatosha. Lakini kuanzia umri fulani, mwanamume halali tena katika nyumba ya mama yake. Hilo halina mjadala hata kwa watu wanaosali kila siku. Mimi nimezaliwa mjini, ila tukienda Seme wakati wa Krismasi baba yangu huniachia mlangoni mwa simba ya binamu yangu, na mimi hulala huko juu ya mkeka, nikisikia watu wakiuliza kwa mzaha nje ya dirisha, "Huyu wa Kisumu bado ni mgeni kwao?" Nilijua, kwa hiyo. Nilijua kwa mwili wangu jinsi mtu anavyojisikia akiwa kwao na hana pa kuweka kichwa. Hili naliandika mapema ili nisije nikajificha nyuma yake baadaye.

Mzee aliniambia yake siku ileile. Aliondoka kwao Nyakach, karibu na Pap Onditi, kabla ya kujenga. Alidhani angerudi baada ya mwaka. Baba yake alituma maneno mara nyingi kwamba aje asimamishe nyumba yake, yeye ndiye wa kwanza, wadogo wanasubiri. Hakuja. Baba akafa. Mdogo wake akataka kuoa, akangoja, akachoka kungoja, akajenga.

"Alinipita," mzee alisema. Hakuwa na hasira. "Mimi ningefanya nini? Mtu atangoja mkubwa mpaka azeeke?"

Kwa mila, mdogo akijenga kabla ya mkubwa wake, pamevunjika kitu, na kitu hicho kinatengenezwa na wazee wa ukoo wakikaa pamoja. Walikuwa hawajakaa. Mkubwa hakuwepo, mdogo aliona haya, miaka ikaenda. Na mkubwa hawezi pia kulala katika nyumba ya mdogo wake, palipo na shemeji. Kwa hiyo boma la baba yake lilikuwa na nyumba mbili nzuri, ya mama yake na ya mdogo wake, na zote mbili zilikuwa zimefungwa kwake.

"Mama yangu bado yuko," aliendelea. "Kila mtu wa kwetu akikuja soko hapa ananiletea maneno yake. Anataka aone nyumba yangu imesimama kwa boma. Aone na macho yake. Hataki kitu ingine. Hata pesa hajawahi kuuliza."

Miezi michache baadaye pasta alihubiri juu ya yule mwana aliyetapanya mali kisha akarudi kwa baba yake. Pasta wetu ni mtu wa Vihiga, mwenye sauti ya upole na kicheko kikubwa, na mahubiri yale yalikuwa mazuri kweli. Watu walilia. Mwishoni alisema chai na mkate havitoshi, kwamba kati ya ndugu zetu wa Kibuye wapo wenye jamaa, na tuwasaidie kurudi nyumbani. Nilikaa pale nikifikiri, kama nifikirivyo kila jambo, kwamba katika ile habari baba anatoa pete, viatu na ndama, na hakuna anayesema yule kijana alilala nyumba gani usiku ule. Niliona ni wazo la ajabu kidogo. Nikalifukuza.

Kazi hiyo ikapewa kamati ya huduma, na mimi nikapewa fomu, kwa sababu ya digrii. Nilitakiwa kuzungumza na jamaa za kila mtu kwa simu na kujaza majibu. Swali la tatu lilikuwa: Je, ipo nyumba ya kulala atakapofika? Nilimpigia mdogo wake mzee. Alijibu kwa ufupi, kama mtu aliyesimama kati ya watu wasiotakiwa kusikia.

"Nyumba ziko. Mlete tu, tutaona."

Niliandika: Ipo. Niliiangalia ile "Ipo" kwa muda mrefu. Niliwaza kuongeza maelezo chini yake, lakini nafasi ilikuwa mstari mmoja, na nilijiambia kwamba maelezo ningeyatoa kwa mdomo.

Jumamosi iliyofuata mzee alinivuta kando, nyuma ya kabati jipya lililokuwa likikauka rangi.

"Nimesikia mnanipeleka."

"Ndiyo, mzee. Ukitaka."

"Nataka. Nani hataki kwao? Lakini sikia. Waambie nyumba kwanza. Chumba moja tu. Ama siku hiyo tuende na mbao na mabati, hawa mafundi wamesema watakuja, kabla ya jua kushuka imesimama. Kwanza lakini mtu wa kanisa aende aongee na huyu mdogo wangu na baba yangu mdogo, wanioneshe mahali. Bila hiyo nisiende."

"Kwa nini usiwaambie mwenyewe? Pasta ni mtu mzuri."

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Mimi ni wa kupewa. Mtu akikupa chai, utamwambia pia akupatie nyumba? Watasema huyu ameanza kuchagua. Wewe ndio utasema. Wewe ni wao."

"Nitasema," nikamwambia.

Kamati ilikutana Jumatano, katika chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, tukiwa tumekaa kwenye viti vidogo magoti yakitukaribia kidevu. Nilikuwa nimeyaandika maneno yangu kwenye karatasi. Nilikuwa nimeyaandika mara nne, kwa kweli, moja ikianza na "Kwa heshima" na nyingine na "Ningependa kupendekeza". Kabla ya kumfikia mzee tulizungumza juu ya mama mmoja mjane, ambaye shemeji zake walitaka afanye jambo fulani la mila kabla ya kurudi. Mwenyekiti akakasirika.

"Mimi ni Mjaluo kamili na nawaambia hapa: mambo ya mila asiniletee mtu. Tumeokoka ama hatujaokoka?"

"Tumeokoka," watu wakasema.

Maneno hayo hayakuhusu simba. Yalihusu mjane yule, na mwenyekiti alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mimi niliyasikia kama yamesemwa juu ya karatasi yangu. Nikaanza kupima. Nikisema nyumba kwanza, ataona natetea mila. Pasta ataona mimi ni kijana wa kanisa mwenye mguu mmoja nje. Labda niseme ni suala la faragha tu, mtu mzima anahitaji chumba chake. Lakini je, huo si uongo? Labda nimwone pasta peke yake baadaye. Lakini je, haitaonekana nimemzunguka mwenyekiti? Nilikuwa bado katika hilo la kumzunguka mwenyekiti nilipomsikia pasta akisoma fomu.

"Huyu mzee wa Nyakach. Mama yake yuko, ndugu yuko. Nyumba, ipo. Bwana asifiwe." Akainua uso, akanitazama. "Wewe ndiye umemjua zaidi. Kuna la kuongeza?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

"Labda tuongeze blanketi," nikasema.

Tuliondoka Kisumu siku ya Jumamosi ya pili, kwa pikapu ya mshirika mmoja na gari la kwaya nyuma yake. Mwenyekiti hakuja, alikuwa na mazishi kwao. Mzee alivaa koti aliloletewa na pasta, la kijivu, na alikuwa amenyolewa vizuri. Tulikaa nyuma ya pikapu, yeye na mimi, pamoja na magunia ya unga, kreti za soda na godoro jipya ndani ya nailoni.

"Ulisema?" aliniuliza tulipopita mashamba ya mpunga ya Ahero.

"Tulizungumza."

"Wakasemaje?"

"Mambo yako sawa, mzee."

Aliangalia magunia, akaangalia godoro. Nadhani alikuwa anatafuta mabati. Kisha akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa jambo, akageuka kutazama barabara. Tangu pale mpaka Katito hakunitania hata mara moja.

Mama yake alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake tulipoingia. Nyumba nzuri, ya mabati mekundu, binti zake walimjengea. Alikuwa mwembamba sana. Alimshika mwanawe mkono ule wenye vidole vitatu, akauangalia, akaufunika kwa mikono yake miwili. Majirani walikuwa wamejaa. Mdogo wake mzee alisimama mbali kidogo, mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, katika shati jeupe lililopigwa pasi. Alitusalimia wote kwa adabu. Kwaya ikaimba, pasta akaomba, watu wakapiga picha. Kisha vitu vikateremshwa, na godoro likawekwa wima, likiegemea mti wa uzio, na kila mtu akaliangalia.

Mama mzee akaliangalia pia. Akamgeukia pasta, akasema kwa sauti ya kawaida, bila ugomvi wowote:

"Obiro nindo e od ng'a?"

Atalala katika nyumba ya nani?

Pasta hakuelewa Kijaluo zaidi ya salamu. Akaniinamia, akitabasamu. "Mama anasemaje?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiri wakati ule, mimi ambaye hufikiri kila kitu. Sidhani nilifikiri. Niliona kwaya inayongoja, simu zilizoinuliwa, uso wa pasta uliojaa furaha. Niliona kwamba nikilitafsiri swali lile, siku nzima ingesimama, na wote wangejua kwamba nililijua tangu mwanzo.

"Anashukuru," nikasema. "Anasema Mungu awabariki."

"Amina!" pasta akainua mikono. "Amina, mama!"

Kwaya ikapokea. Majirani wengi walielewa lugha zote mbili, na hakuna aliyesema neno. Kule kwetu watu hawamwaibishi mgeni aliyeleta unga. Mdogo wake mzee alinitazama moja kwa moja, kisha akaangalia chini. Mama mzee alikuwa bado anamtazama pasta, akingoja jibu. Wanakwaya wawili wakalibeba godoro, wakaliingiza katika nyumba ya mama.

Tulipoaga, mzee alinipa mkono. "Ero kamano," akasema. Asante. Nilitafuta kejeli katika sauti yake na sikuipata, na nikaondoka nikijidanganya kwamba kwa kuwa sikuipata, basi mambo yangejipanga.

Picha zilijaa kwenye kundi la kanisa kwenye simu, na chini yake amina nyingi. Wiki iliyofuata pasta aliniandikia ile barua, bila hata mimi kumwomba. Ni barua nzuri. Sijawahi kuitumia.

Baada ya majuma matatu hivi, nikiwa namimina chai Kibuye, fundi yule wa misumari alikuja na kikombe chake.

"Mzee wenu anawasalimu. Nilimwona Sondu, siku ya soko."

"Sondu? Si yuko nyumbani?"

"Nyumbani kwa nani, omera?" Alitoa sauti kubwa kidogo, kisha akaipunguza. "Alilala jikoni kwa mama yake siku tatu na kuku. Godoro lenu liko sebuleni, wanalikalia wageni. Siku ya nne akaenda kulala veranda ya posho mill hapo Pap Onditi. Hapa Kibuye nani anajua baba yake? Kule hata mbwa wanamjua. Watu wanapita asubuhi na mahindi yao wanasema, 'Huyu si ndiye aliletwa na kwaya?'"

Akanywa chai. "Mlikosa kichwa kabisa. Na mlikuwa na Wajaluo hapo ndani."

Nilienda Sondu siku ya soko iliyofuata. Nilimkuta kwenye karakana moja karibu na daraja, akipiga msasa miguu ya kitanda. Aliponiona hakusimama, ila alisogeza gunia ili nipate pa kukaa.

"Kijana wa kalamu. Umekuja kuchukua ripoti?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Ya nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia juu ya karatasi, juu ya blanketi, juu ya uongo wangu ndani ya pikapu. Mwishoni nikafika kwenye swali la mama yake. "Aliuliza utalala kwa nani. Mimi nikasema anashukuru."

"Nilisikia," akasema. "Si nilikuwa hapo?"

Hilo, kwa ujinga wangu, sikuwahi kuliwaza.

"Na kwa nini hukusema kitu?"

Alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye mguu wa kitanda. "Nilifikiri uko na mpango. Nikasema, huyu ni mtu wa kusoma, anaongea na hawa watu wa kanisa kwa njia yao, pengine mabati inakuja na gari lingine. Nikangoja Jumapili. Nikangoja Jumatatu." Akacheka kidogo. "Jumanne nikaona hapana."

Yeye akaendelea na kazi. Baada ya muda akaniuliza kama bado chai yetu haina sukari, na nikajua ananisaidia, kama alivyokuwa akinisaidia kuosha vikombe, na hilo likaniuma zaidi ya kama angenitukana.

Siku iliyofuata nilimwona pasta. Nilimkuta ofisini, nikafunga mlango, nikasema yote bila karatasi. Nilingoja aniambie juu ya mila na wokovu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na majibu.

Alisukuma kiti chake nyuma. Kisha akasema, "Lakini hata kwetu ni hivyo."

"Kwenu Vihiga?"

"Wewe unafikiri mimi nikienda nyumbani nalala kwa mama yangu? Nilijenga yangu nikiwa na miaka kumi na minane, kabla hata sijajua Biblia vizuri. Mwanamume atalalaje kwa mama?" Alikuwa hajakasirika. Afadhali angekasirika. "Niliona umeandika nyumba ipo, nikajua ni yake. Godoro likiingia kwa mama nikadhani linawekwa kwa muda tu. Ungeniambia, tungejenga. Kwani kujenga chumba kimoja ni kitu gani? Nilikuuliza, na nilikuuliza mbele ya watu. Kwa nini hukusema?"

Nilikuwa na sababu nyingi mno Jumatano ile kwenye viti vya watoto. Nilizitafuta pale ofisini na sikuona hata moja ambayo ningeweza kuitamka. Niliogopa karipio la mtu ambaye hakuwahi kufikiria kunikaripia. Mwenyekiti mwenyewe, tulipomweleza, alijishika kichwa. "Jamani, mtu mzima mmemlaza na kuku?" Kisha akauliza nani alijaza fomu.

Tulimpigia mdogo wake simu kwamba tuko tayari kuleta mabati, kisha pasta na mimi tukaenda Pap Onditi, sisi wawili tu, bila kwaya. Mdogo wake mzee alitupokea vizuri. Alituletea viti nje na chai ya maziwa, na mama mzee akaletwa akakaa nasi.

"Pasta, nitasema ukweli," mdogo wake alianza. "Mimi nilimpita kaka yangu kwa kujenga. Hiyo ni makosa yangu. Nilikuwa najua siku moja tutakaa na wazee tuitengeneze polepole, sisi wenyewe. Nyinyi mkaleta gari, nyimbo na simu. Watu wote wakaona kaka yangu mkubwa ameletwa na godoro kama mtu wa kambi, na mimi nimesimama kwa mlango wangu. Kisha akatoka hapa na miguu, akalala sokoni. Sasa wanasema nimemfukuza. Niliposikia mnakuja na mabati nilimwendea baba mdogo. Yeye ndiye wa kuonesha mahali, baba hayupo. Amekataa. Amesema boma lipoe kwanza."

"Lipoe mpaka lini?" pasta akauliza.

"Hakusema."

"Tukimwona sisi wenyewe?"

"Msimwone. Tafadhali. Nyinyi ni wageni wetu na ninawaheshimu, lakini msimwone."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ulielewa vile mama aliuliza."

"Nilielewa."

"Nilijua," akasema, akaniongezea chai.

Mama mzee alikuwa akisikiliza, uso wake ukigeuka kufuata sauti, mara kwangu, mara kwa pasta. Safari hii nilimtafsiria pasta kila neno alilosema, hata yasiyo na maana, hata alipouliza kama mvua imenyesha Kisumu. Nilipomwambia mama mimi ndiye niliyemdanganya, alisema nilikuwa kijana na kwamba gari lilikuwa na watu wengi. Nilimtafsiria pasta hilo pia.

Kanisa limenunua mabati na mbao. Vimeegemezwa ukutani katika stoo, nyuma ya viti vya plastiki, na mafundi wa Kibuye wamesema wataenda siku yoyote watakayoitwa, bila malipo. Mzee bado yuko Sondu. Mwenye karakana amempa kona yenye mlango, naye amejitengenezea kitanda. Nikienda ananipa msasa, tunafanya kazi, ananiambia napiga kinyume cha mkondo wa mbao. Haulizi habari za boma. Mimi humwambia hata hivyo, yote, hata yakiwa si kitu, kwa sababu nimeona kinachotokea nikianza kuchagua la kusema.

Kila mwisho wa mwezi nampigia mdogo wake. Hupokea, hunisalimu, huniuliza habari za wazazi wangu, kisha husema, "Bado." Nami hushukuru na kukata simu. Mara ya mwisho hakusema hilo peke yake. Alisema mama sasa anawatambua watu kwa sauti tu.